Umeumia kazini hapa Zanzibar: nani anakulipa? Uzi wa bima ya fidia, kwa waajiri na wafanyakazi

Utumishi_Pwani

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mimi kazi yangu ni utumishi, kwenye mahoteli ya ukanda wa mashariki, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kushughulikia watu walioumia. Aliyeteleza jikoni na sufuria ya mafuta, aliyeanguka kwenye ngazi akibadilisha taa, aliyeungua mkono kwenye mashine ya kupigia pasi mashuka. Kila likitokea jambo, maneno ninayoyasikia kwa wakubwa na wadogo ni haya: "Tajiri atamsaidia." Hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Mtu aliyeumia kazini anadai haki yake, haombi msaada. Tajiri mwenye roho nzuri atalipa hospitali mara moja, mara mbili, kisha atachoka, na wewe hutakuwa na pa kushika kwa sababu mwanzo ulipokea kama sadaka.

Nianze na asili ya jambo lenyewe, maana bila ya hiyo hatutaelewana. Zamani mfanyakazi akiumia ilibidi aende mahkamani akathibitishe kuwa tajiri wake alifanya uzembe. Sasa mtu ana mkono umevunjika, hana kipato, pesa ya wakili ataitoa wapi? Ujerumani ilianza kulirekebisha hilo mwaka 1884 kwa sheria ya bima ya ajali kazini, Uingereza ikafuata 1897. Makubaliano yaliyofikiwa yana pande mbili. Mfanyakazi haulizwi tena kosa ni la nani. Anachotakiwa kuonyesha ni kwamba ameumia kwa sababu ya kazi, na akiwa kazini. Mwajiri naye halipi kwa kadiri ya hasira ya hakimu, analipa kiwango kilichopangwa na sheria, kinachojulikana tangu mapema, na kwa sababu kinajulikana mapema kinaweza kukatiwa bima. Sheria za ukoo huo ndizo zilizoletwa kwetu na Waingereza.

Kwa Zanzibar tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi Namba 15 ya 1986, iliyorekebishwa kwa Namba 5 ya 2005. Mwaka huo wa 2005 ndio ulioleta pia Sheria ya Ajira Namba 11, Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 na Sheria ya Usalama na Afya Kazini Namba 8. Atakayekwambia "huku visiwani hakuna sheria ya mambo hayo" hajaitafuta.

Sasa lile linalowachanganya wengi. Mnasikia redioni habari za WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, mnadhani na nyinyi mumo. Kazi na ajira si katika mambo ya Muungano. WCF umeundwa kwa sheria ya Bara, Namba 20 ya 2008, ukaanza kazi tarehe 1 Julai 2015, na mwajiri wa Bara anachangia asilimia 0.5 ya mishahara anayolipa. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Ni mfumo mzuri, lakini ni wa Bara. Hoteli iliyosajiliwa Zanzibar, yenye wafanyakazi walioajiriwa Zanzibar, haiendi kudai huko. Huku kwetu sheria yetu imemtwika mwajiri mwenyewe mzigo wa kulipa, na njia ya kuubeba mzigo huo bila ya kufilisika ni kukata bima ya fidia kwa wafanyakazi. Shirika la Bima la Zanzibar, ambalo lipo tangu 1969, linafanya biashara ya bima hapa, na kampuni nyengine za bima za kibinafsi pia zipo.

Bima yenyewe inafanyaje kazi? Mwajiri anapeleka jumla ya mishahara anayotarajia kulipa kwa mwaka, akiigawa kwa aina za kazi. Karani wa afisini hatari yake ndogo, mpishi zaidi, fundi wa paa zaidi kabisa, na ada inapigwa kwa asilimia kwa kila kundi. Mwaka ukimalizika anapeleka mishahara halisi aliyolipa, hesabu inarekebishwa, anaongeza au anarudishiwa. Mtu akiumia, bima inabeba matibabu, sehemu ya mshahara kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, malipo ya ulemavu wa kudumu ikiwa umebaki, na akifariki, malipo kwa wanaomtegemea. Kila sehemu ina kikomo chake, na kikomo hicho kimeandikwa kwenye mkataba. Waajiri wengi ninaowajua hawajawahi kuufungua mkataba huo tangu walipokabidhiwa.

Sasa nikupeni kisa kimoja, kwa sababu ndicho kilichonifanya nikae niandike. Kijana alikuwa akiezeka makuti kwenye banda la wageni, boriti ikakatika, akaanguka, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Msimamizi akampakia kwenye pikapu hadi hospitali. Pale mapokezi karani akauliza, "Ameumia vipi?" Msimamizi akajibu haraka haraka, "Ameanguka kwao." Aliogopa tu kuwa yeye ndiye atakayelaumiwa. Karani akaandika alivyoambiwa. Daktari naye akaandika kwenye cheti vile vile alivyokuta kwenye kadi.

Madai yalipofika kwa watu wa bima, mstari wa kwanza waliousoma ulikuwa huo: alianguka nyumbani. Faili likarudi. Ikabidi tutafute daftari la mahudhurio la siku ile, maelezo ya mafundi wawili waliokuwa juu pamoja naye, na barua ya daktari ya kusahihisha maelezo ya mwanzo. Daktari alikuwa muungwana, lakini alisema kweli yake: yeye hakuwepo banda lilipovunjika, ataandika alichoelezwa na nani? Malipo yalitoka mwishowe, baada ya familia yake kwishauza ng'ombe wao kwa ajili ya matibabu. Maneno mawili ya mapokezi ndiyo yaliyoleta dhiki yote ile.

Kwa hiyo nasema na wafanyakazi kwanza. Mara tu mtu anapoumia, pale pale, kabla ya lolote jengine baada ya kumhudumia: hospitalini iandikwe kuwa ameumia kazini, wapi, akifanya nini. Kama ni ajali ya gari au ya kupigwa, fomu ya polisi, PF3, ichukuliwe. Mwajiri apewe taarifa kwa maandishi, hata kama alikuwepo na ameona kwa macho yake. Ujumbe wa simu wenye tarehe ni bora kuliko maneno matupu. Na daftari la ajali lijazwe siku ile ile. Kama hakuna daftari, andikeni kwenye karatasi na mashahidi watie saini.

Na waajiri: toeni taarifa kwa kampuni ya bima na kwa Kamisheni ya Kazi mapema, msingoje mtu apone kwanza "tuone itakuwaje". Mkataba wa bima unaweka muda wa kutoa taarifa, na taarifa iliyochelewa ni sababu mojawapo ya madai kukataliwa.

Maswali yaleteni, nitajibu ninayoyajua.

Fundi_Kwahani

Wa alaykum salaam. Kaka umenena. Mimi fundi ujenzi, na sisi tatizo letu jengine. Mkandarasi anachukua kazi, anampa fundi mkuu, fundi mkuu anakuja kutuchukua sisi barazani asubuhi. Jioni unapewa pesa yako mkononi. Huna mkataba, huna jina popote. Nikianguka mwajiri wangu nani? Fundi mkuu mwenyewe anaishi chumba kimoja kama mimi.

Utumishi_Pwani

Fundi, suali lako ndilo gumu kuliko yote kwenye uzi huu, na nitalikalia kidogo.

La kwanza: kukosa karatasi si kukosa mkataba. Umeitwa, umefanya kazi, umelipwa, ajira ipo. Karatasi ni ushahidi tu. La pili: sheria za fidia za ukoo huu hazimwachi mwenye kazi kubwa ajifiche nyuma ya fundi mdogo. Mkandarasi aliyechukua kazi ambayo ndiyo biashara yake, akaigawa kwa mwengine, mtu akiumia kwenye kazi hiyo anaweza kumdai mkandarasi mkubwa, naye mkubwa akageuka kumdai fundi mkuu. Imewekwa hivyo kwa sababu ya hali unayoieleza, ya mtu wa chini kabisa kutokuwa na kitu.

Kibarua ambaye sheria hizi humwacha nje ni yule aliyeitwa kwa jambo lisilohusu biashara ya aliyemwita, mathalan umemwita mtu akufyekee ua wa nyumbani kwako. Wewe kwenye jengo la ghorofa la mkandarasi si mtu wa namna hiyo, hata ukiwa wa siku moja.

Shida yako ni ushahidi. Kwa hiyo: piga picha ukiwa saiti, na wenzako, ukiwa na kifaa chako mkononi. Ukilipwa kwa simu, usiufute ujumbe. Mjue jina la mkandarasi, ubao wake huwa umewekwa mbele ya jengo, upige picha na huo ubao. Na fundi mkuu mwambieni aandike majina kila asubuhi, ana faida yake humo: siku mtu akianguka, orodha hiyo ndiyo itakayompeleka mkandarasi kwenye bima yake badala ya familia ya mgonjwa kuja kugonga mlango wa kile chumba kimoja.

Abuu_Saateni

Ndugu zangu tusizidishe mambo. Ajali ni qadari ya Mwenyezi Mungu. Sisi wazee wetu mtu akiumia kwa tajiri, tajiri akija na mkono wa pole mambo yanakwisha kwa sulhu. Haya ya kupelekana kwa maafisa wa kazi yanavunja udugu. Kisiwa chenyewe kidogo, kesho utakutana naye msikitini.

Utumishi_Pwani

Shekhe wangu, qadari tunaiamini sote, na hakuna anayeikataa. Lakini deni la mfanyakazi halifutwi na qadari, kama vile madeni ya mtu aliyekufa hayafutwi, warithi wanayalipa kabla ya kugawana. Sulhu nayo ni jambo zuri likifanywa baina ya watu wawili wanaojua wanachosuluhishana. Ninayoyaona mimi ni mtu yuko kitandani, mguu umefungwa, analetewa laki tatu na karatasi iliyoandikwa "sina madai mengine yoyote", anatia dole gumba kwa sababu nyumbani hakuna mchele. Baada ya muda daktari anamwambia goti halitakunjika tena. Udugu gani umebaki hapo?

Na huku kwenye bima ndiko udugu unakosalimika zaidi, naomba ulitazame hilo. Anayelipa ni kampuni ya bima. Tajiri hatoi mfukoni, mfanyakazi hamuoni tajiri kuwa adui, na wote wawili wanakutana msikitini bila ya mtu kumkwepa mwenziwe.

Karatasi ya kufunga madai isitiwe saini kabla ya daktari kusema kuwa hali imetulia na kupima ulemavu uliobaki. Hilo nitalirudia hata kwa anayenichukia.

BintiMakunduchi

Mie nauliza kuhusu lile la mashine ya pasi. Nafanya kazi dobi la hoteli. Vidole vyangu viwili viliungua, vimepona lakini havikunji sawasawa. Nilirudi kazini, mshahara napata wote. Meneja kaniambia kwa vile sikukosa mshahara sina cha kudai. Kweli?

Utumishi_Pwani

Dada pole sana. Hapana, si kweli, na meneja amechanganya mambo mawili.

Malipo ya muda, yale ya kipindi ambacho huwezi kufanya kazi, yanakwisha unaporudi kazini. Malipo ya ulemavu wa kudumu ni jambo mbali. Hayo yanatazama kiungo kilichopungua nguvu, hata kama unapata mshahara wako kamili leo. Sheria za fidia zina jedwali la viungo: jicho, mkono, mguu, kila kidole na kila kipande cha kidole, na mbele yake asilimia ya uwezo wa kufanya kazi unaohesabiwa umepotea. Kidole kilichogandana kinahesabiwa pia, daktari anapima kimebaki kukunja kiasi gani. Leo meneja anakuweka, kesho hoteli ikifungwa msimu wa masika na wewe ukatafute kazi kwengine, vidole hivyo utakwenda navyo.

Unachohitaji sasa ni ripoti ya daktari yenye kusema ulemavu umebaki kiasi gani kwa asilimia. Usiende na kadi ya matibabu ya siku ile, haitoshi. Ukishaipata, barua kwa mwajiri, nakala kwa afisa wa kazi. Usichelewe, madai haya yana muda wake kisheria.

Likoni_Mvita

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu sheria ni ya 2007, tunaiita WIBA, na mwajiri analazimika kukata bima. Ulemavu wa kudumu unahesabiwa kwa mshahara wa miezi 96, kisha asilimia ya daktari. Kwa mfano mtu wa mshahara wa shilingi 30,000 za Kenya, miezi 96 ni 2,880,000. Daktari akimpa asilimia 20, anapata 576,000. Hesabu ni hiyo, haina mjadala. Vita vyote vinakuwa kwenye ile asilimia. Daktari wa mfanyakazi anasema 20, daktari wa bima anasema 8. Kwa hiyo dada, usikubali kupimwa na daktari mmoja tu aliyeletwa na upande wa pili.

Utumishi_Pwani

Ahsante ndugu wa Likoni, umeongeza la maana. Hesabu za huko msizichukue mkazitia huku, kila sheria na viwango vyake. Hata Bara mfumo wao mwengine: anayeshindwa kufanya kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya kipato chake hadi miezi 24, na mwenye ulemavu wa kudumu uliozidi asilimia 30 anapewa pensheni ya kila mwezi. Lakini hilo la asilimia ya daktari ni kila mahali, Mombasa, Dar, Unguja na Pemba.

Mwana wa Wete

Sasa na sisi wa karafuu je? Pemba msimu ukifika nusu ya kijiji iko juu ya miti. Mkarafuu mrefu, tawi linateleza kwa umande, mtu amejifunga kamba moja, pakacha begani. Kila msimu lazima usikie fulani kaanguka. Nani mwajiri wake? Mwenye shamba analipa kwa pishi tu.

Utumishi_Pwani

Mwana wa Wete, hapa Zanzibar sidhani kama kuna kazi iliyotoa walemavu wengi kwenye vijiji vyetu kama hii, na naandika haya nikimkumbuka mtu wa ukoo wetu.

Mchumaji anayelipwa kwa pishi si rahisi kumweka ndani ya bima ya kawaida. Leo yuko shamba hili, kesho lile, mwenye shamba hana orodha ya mishahara, wala hajui watachuma watu wangapi hadi karafuu ziwive. Kulipwa kwa pishi kwenyewe hakumtoi mtu kwenye ajira, wapo wafanyakazi wengi duniani wanaolipwa kwa kipimo. Ila uhusiano wao ni wa siku mbili tatu, na wenye mashamba wengi ni wajane na wazee wenye mikarafuu michache ya urithi. Ukimwambia bibi mwenye mikarafuu kumi alipe fidia ya uti wa mgongo, unambebesha mtu asiyeweza.

Kwa sababu hiyo jambo hili lilibidi lichukuliwe na walio juu. Karafuu zote zinauzwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na Shirika hilo limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka mikarafuu. Kwangu mimi hiyo ndiyo njia ya haki: zao moja, mnunuzi mmoja, basi na mzigo wa ajali ubebwe na zao lenyewe. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba Namba 12 unaotaka wafanyakazi wa kilimo wapate fidia sawa na wengine. Ni zaidi ya miaka mia, na bado mkulima anaonekana kama mtu aliyeanguka kwa bahati yake mbaya.

Tena ni yale yale ya ushahidi. Mtu akianguka, sheha, yaani mkuu wa shehia, ajulishwe siku ile, hospitali iandike kuwa ameanguka mkarafuu akichuma, na shamba la nani. Mkisema "kaanguka tu" mmemfungia mlango.

Mwana wa Wete

Allah akujaze kheri. Ndugu yangu alianguka mwaka uliopita, kwenye kadi imeandikwa "fall" tu, hakuna jengine. Nitakwenda hospitali waongeze maelezo.

Utumishi_Pwani

Nenda na aliyemteremsha, na mwenye shamba kama anakubali. Sheha naye akuandikie barua.

Paje_Mwenyeji

Naomba niseme upande wa pili. Nina nyumba ndogo ya wageni Paje, vyumba sita. Kodi huku, leseni huku, ZSSF kila mwezi, sasa mnasema na bima ya wafanyakazi. Kwani mchango wa ZSSF hautoshi? Na bima ya afya je? Mimi nakata vyote hivyo.

Utumishi_Pwani

Kaka Paje, nakuelewa, biashara ndogo inabanwa kila upande. Lakini vitu hivyo vitatu kila kimoja kina kazi yake.

ZSSF ni hifadhi ya jamii. Mtu anachangia miaka, anapata mafao ya uzeeni, na ulemavu au urithi kwa wanaostahiki. Havitazami kama umeumia kazini au nyumbani. Bima ya afya inamlipa daktari, haimlipi mgonjwa mshahara wala haimlipi kidole chake. Fidia kwa mfanyakazi ni deni lako wewe mwajiri, na linabaki kuwa deni lako hata kama vile viwili umevikata vizuri.

Piga hesabu mwenyewe. Una mpishi, wasafishaji, mlinzi, mtu wa bustani. Mlinzi akapigwa na wezi usiku akapoteza jicho. Matibabu, mshahara wa miezi, malipo ya jicho. Ukiyatoa mfukoni, msimu wako mzima umekwenda, pengine na nyumba yenyewe. Ada ya bima kwa watu wachache wa kazi za ndani haifiki hata karibu na hapo, omba bei kwa kampuni mbili tatu ulinganishe.

Na sasa nakupa onyo ambalo mawakala wengi hawalisemi. Usipunguze mishahara kwenye fomu ili ada ishuke. Ukiandika mishahara ya mwaka ni shilingi milioni 20 na kweli unalipa milioni 40, kampuni ya bima ina haki kwa mikataba mingi kusema: umekata bima ya nusu, tunalipa nusu. Nusu nyengine inarudi kwako. Na wale unaowaita msimu wa Agosti na wa sikukuu ya Disemba usiwaache nje ya orodha, hao ndio wageni wa kazi na ndio wanaoumia. Bakshishi na posho ya chakula nazo ziulize mapema kama zinahesabiwa kwenye mshahara.

Jengine, usichukue bima ya dhima kwa wageni ukadhani umemaliza. Hiyo inamlipa mgeni aliyeteleza bwawani. Mfanyakazi wako aliyeteleza pale pale haimo, imeandikwa wazi kwamba wafanyakazi hawahusiki.

Bwejuu_Keri

Mimi dereva wa gari ya wafanyakazi wa hoteli, tunawatoa Mjini saa kumi na moja alfajiri. Tukipata ajali njiani hao wanahesabiwa wako kazini?

Utumishi_Pwani

Safari ya mtu binafsi kwenda kazini, kwa daladala au kwa pikipiki yake, kwa kawaida haihesabiwi kuwa kazini. Gari ikiwa ya mwajiri au ameikodi yeye kuwachukua wafanyakazi, kanuni inayofuatwa kwenye sheria hizi ni kuwa wamo. Na abiria wana haki pia kwa bima ya gari yenyewe. Hakikisha stika ya bima ya gari yako inasema unachukua abiria, na wewe mwenyewe jina lako limo kwenye orodha ya wafanyakazi, madereva wa kukodi husahauliwa.

Kassim_wa_Bandarini

Na kampuni ya Dar iliyotuleta Unguja kwa mradi? Mkataba wangu umetiwa saini Dar, mshahara unatoka Dar.

Utumishi_Pwani

Waombe wakujibu kwa maandishi, kabla ya kuumia: kwa muda huu nikiwa Unguja, nimo kwenye WCF au mmenikatia bima huku? Jibu liwe moja kati ya hayo na liwe na namba ya usajili au namba ya mkataba wa bima. Mwajiri aliyejipanga atajibu siku hiyo hiyo.

Paje_Mwenyeji

Kaka nimekaa nikafikiri. Kesho nakwenda Mjini kuomba bei. Niende na nini?

Utumishi_Pwani

Orodha ya wafanyakazi wote, kila mmoja na kazi yake halisi anayoifanya. Mtu wa bustani anayepanda juu ya paa kusafisha tangi la maji muandike hivyo, kwa sababu akianguka paani nawe umemuandika bustani tu, mtagombana. Jumla ya mishahara ya mwaka, ya kudumu na ya msimu. Leseni ya biashara na namba ya mlipa kodi. Kama mtu ameshawahi kuumia hapo kwako, sema, usifiche.

Wakikupa mkataba, kabla ya kulipa tafuta sehemu tatu: kikomo cha matibabu kwa mtu mmoja, muda wa kutoa taarifa ya ajali, na ukurasa wa mambo yasiyohusika. Ukiona ugumu, upige picha ule ukurasa wa mwisho unitumie tuusome pamoja. Halafu nakala moja ubandike jikoni, pale wanapobandika zamu, na chini yake namba ya simu ya atakayepokea taarifa usiku.

BintiMakunduchi

Nimepata miadi ya daktari Jumatatu. Meneja nimeshampa barua, kaipokea na kaigonga muhuri.

Utumishi_Pwani

Nakala yenye muhuri weka nyumbani, usiiache kwenye kabati la kazini.